Alec Reeves

Alec Harley Reeves (10 Machi 1902 – 13 Oktoba 1971) alikuwa mhandisi wa mawasiliano kutoka Uingereza. Anajulikana hasa kwa kubuni, mwaka 1937, njia ya kugeuza sauti kuwa namba na kuisafirisha kama mapigo ya umeme yenye hali mbili tu: pigo lipo au halipo. Hataza aliyoiomba mwaka 1938 ilieleza pia mtambo wa kufanya kazi hiyo, ambao ni miongoni mwa vigeuzi vya kwanza vya kielektroniki vya kubadili ishara ya analogi kuwa ya dijitali.

Simu inayopigwa leo kutoka Kisarawe kwenda Kibaha, katika mkoa wa Pwani nchini Tanzania, husafiri kwa kufuata wazo hilo: sauti hupimwa mara maelfu kwa sekunde, kila kipimo huwa namba, na namba ndizo zinazosafiri. Mwanafunzi anayeunganisha kipimajoto na mikrokontrola hufanya kazi ileile kwa chipu ndogo kuliko ukucha. Reeves aliifikiria kwa vali za kioo, na hakutajirika kwayo.

Maisha ya awali

Reeves alizaliwa Redhill, mji wa Surrey ulio kusini mwa London. Baba yake, Edward Ayearst Reeves, alikuwa mtunza ramani wa Shirika la Kifalme la Kijiografia na mwalimu wa upimaji. Maofisa na wasafiri waliojiandaa kwenda nchi za mbali walipita kwake ili wajifunze kujua mahali walipo kwa kutazama jua na nyota. Percy Fawcett, aliyepotelea Brazil mwaka 1925, alikuwa mmoja wa wanafunzi wake. Kwa hiyo mtoto alikulia katika nyumba ambamo kupima kwa usahihi lilikuwa jambo la kawaida.

Alisoma shule ya sekondari mjini Reigate, kisha mwaka 1918 akapata nafasi ya ufadhili katika chuo cha uhandisi cha City and Guilds, London. Kuanzia 1921 aliendelea na masomo ya juu Imperial College.

Mwaka 1923 aliajiriwa na International Western Electric, kampuni ya vifaa vya simu yenye asili ya Marekani. Huko alikuwa katika kundi la wahandisi waliotayarisha simu ya redio ya kuvuka bahari ya Atlantiki, iliyofunguliwa kwa wateja kati ya London na New York mwezi Januari 1927. Wakati huo kampuni ilikuwa imeshanunuliwa na ITT, nayo ITT ikamhamishia Reeves kwenye maabara yake mjini Paris mwaka huohuo. Alikaa Ufaransa miaka 13, akishughulika na redio za masafa mafupi, zikiwemo zilizounganisha Hispania na Amerika Kusini, na mbinu za kupitisha mazungumzo mengi katika njia moja.

Tatizo la kelele

Kazi hizo zote zilimgonganisha na adui mmoja, yaani kelele. Sauti ya mtu ikiingia kwenye kinasa sauti cha simu hugeuka kuwa umeme unaopanda na kushuka kama sauti yenyewe. Hiyo ndiyo ishara ya analogi. Ikisafiri hupungua nguvu, na njiani huokota michirizo ya radi, ya mitambo na ya joto la waya zenyewe. Kituo cha kukuza nguvu hakiwezi kutofautisha sauti na uchafu huo, hivyo hukuza vyote viwili, kisha huongeza uchafu wake kidogo. Kituo kinachofuata hurudia kosa hilohilo. Kwa umbali wa Kisarawe hadi Dar es Salaam, kilomita zipatazo 30, tatizo halikuwa kubwa. Kwa maelfu ya kilomita maneno yalizama.

Ni sawa na karatasi ya mtihani inayotolewa fotokopi kutoka kwenye fotokopi nyingine. Nakala ya kwanza inasomeka, ya tano ina madoa, ya ishirini haifai. Lakini mtu akiisoma nakala ya tano na kuichapa upya, herufi kwa herufi, anapata karatasi safi kama ya kwanza, kwa sababu herufi A yenye doa bado ni A.

Hapo ndipo Reeves alipoiona njia. Ikiwa kinachosafiri ni mapigo yenye hali mbili tu, kituo cha njiani hakihitaji kukuza chochote. Kinauliza swali moja, kama pigo lipo au halipo, kisha kinatoa pigo jipya safi. Kelele inakufa katika kila kituo, isipokuwa ikizidi kiasi cha kulifanya pigo lisitambulike kabisa. Gharama ya njia hiyo ni kwamba inahitaji nafasi kubwa zaidi ya masafa, na inahitaji mtambo wa kugeuza sauti kuwa namba upande mmoja na kuirudisha kuwa sauti upande wa pili.

Reeves hakuwa wa kwanza kabisa kuligusa jambo hilo. Paul Rainey wa Western Electric alipata hataza nchini Marekani mwaka 1926 kwa mtambo wa kutuma picha kwa tarakimu tano za jozi, uliotumia mwanga na vifaa vya kusogea. Mtambo huo ulisahauliwa, na Reeves alifika kwa njia yake mwenyewe.

Mtambo wa kuhesabu

Hataza ya Reeves iliombwa Ufaransa tarehe 3 Oktoba 1938. Ile ya Marekani ilitolewa Februari 1942. Namna mtambo wake ulivyofanya kazi inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa maana hadi leo vipo vigeuzi vinavyofanya vivyo hivyo.

Mtambo ulikuwa na saa ya kielektroniki iliyotoa mapigo 600,000 kwa sekunde. Kila baada ya mapigo 100 sampuli moja ya sauti ilichukuliwa, yaani sampuli 6,000 kwa sekunde. Sampuli ilipochukuliwa, swichi ya kielektroniki ilifunguka, na papo hapo volti nyingine ikaanza kupanda kwa mwendo ulio sawa, kama maji yanayojaa kwenye ndoo. Volti hiyo ilipolingana na ya sampuli, swichi ilijifunga. Sauti ikiwa na volti ndogo swichi ilifungwa mapema, ikiwa na volti kubwa ilichelewa. Muda wote swichi ilipokuwa wazi, mapigo ya saa yalipita na kuhesabiwa. Kihesabio kilikuwa na biti tano, kwa hiyo idadi ya juu ilikuwa 31. Volti imegeuzwa kuwa muda, na muda umegeuzwa kuwa namba.

Namba 32 tu, kuanzia 0 hadi 31, ni ngazi chache kwa sauti ya binadamu. Sauti iliyoangukia katikati ya ngazi mbili ililazimishwa kwenda kwenye mojawapo, na kosa hilo husikika kama mkwaruzo. Reeves alijua hivyo. Maneno yalieleweka, na biti zingeweza kuongezwa baadaye. Idadi ya sampuli nayo haikuchaguliwa kwa kubahatisha. Ili wimbi lisipotoshwe, linapaswa kupimwa zaidi ya mara mbili katika kila mzunguko wake, kanuni inayohusishwa na Harry Nyquist na maandishi yake ya 1928. Sampuli 6,000 kwa sekunde zinatosha kwa mawimbi yasiyofikia mizunguko 3,000 kwa sekunde, ambamo sehemu kubwa ya maneno ya simu imo.

Kilichokosekana ni vifaa. Mtambo wa namna hiyo ulihitaji vali nyingi, na vali zilikuwa kubwa, zenye joto na zenye kuungua ovyo. Hakuna kampuni ya simu ambayo ingeweka makabati ya vali kila baada ya kilomita chache kwa ajili ya usafi wa sauti. Wazo likabaki kwenye karatasi.

Vita na Oboe

Juni 1940 majeshi ya Ujerumani yaliingia Paris, na Reeves akakimbilia Uingereza. Huko alijiunga na taasisi ya serikali iliyotafiti rada. Pamoja na F. E. Jones alitengeneza mfumo wa kuongoza ndege ulioitwa Oboe, kwa sababu mlio uliosikika masikioni mwa rubani ulifanana na wa zumari la jina hilo.

Kituo kimoja ardhini kilituma mapigo ya redio, na kifaa ndani ya ndege kiliyajibu. Muda wa kwenda na kurudi ulionyesha umbali. Kituo cha kwanza kiliiweka ndege kwenye mstari wa duara ulio umbali ule ule kutoka kituoni. Rubani akikengeuka, mlio ulibadilika kuwa nukta au vistari. Kituo cha pili, kikiwa mbali na cha kwanza, kilipima umbali wake pia na kutoa ishara ya kuachia mabomu. Mfumo uliweza kuiongoza ndege moja tu kwa wakati, kwa hiyo ulitumiwa na ndege chache zilizodondosha taa za alama, na kundi kubwa la ndege likalenga alama hizo. Ulitumika vitani kwa mara ya kwanza Desemba 1942.

Kwa Reeves jambo hili lilikuwa zito. Alikuwa mtu aliyechukia vita, na hakutaka kutengeneza silaha. Alikubali kazi hiyo kwa hoja kwamba bomu linalofika lilikokusudiwa huua raia wachache kuliko bomu linalotupwa gizani. Hoja hiyo ilikuwa na ukweli kwa kiwanda kimoja kinacholengwa na ndege moja. Lakini kuanzia Machi 1943 Oboe iliongoza mashambulizi dhidi ya miji ya viwanda ya Ruhr, ikiwemo Essen, na nyuma ya alama zile zilifuata mamia ya ndege zilizochoma mitaa ya makazi pamoja na viwanda. Maelfu ya raia walikufa. Usahihi wa chombo haukuamua kitatumiwaje. Katika majira ya kuchipua ya 1945 chombo hichohicho kilisaidia kuonyesha mahali pa kudondoshea chakula kwa Waholanzi waliokuwa wakifa njaa.

Wakati huohuo, bila Reeves kushiriki, maabara za Bell nchini Marekani zilijenga mtambo wa siri ulioitwa SIGSALY, uliogeuza sauti kuwa namba ili wakuu wa Marekani na Uingereza wazungumze bila kusikilizwa na adui. Ulianza kazi Julai 1943. Ulikuwa na uzito wa tani zaidi ya 50. Ukubwa huo unatosha kueleza kwa nini wazo la 1937 halikuweza kuingia katika simu za kawaida.

Miaka ya kusubiri

Transista ilibuniwa mwishoni mwa 1947, na kidogo kidogo vikwazo vikapungua. Wahandisi wa Bell waliendeleza njia nyingine ya kugeuza volti kuwa namba, iliyo ya haraka kuliko kuhesabu: kulinganisha hatua kwa hatua, kama muuza duka anayepima nyama kwa mawe ya mizani. Anaanza na jiwe kubwa. Likizidi analitoa, lisipozidi analiacha, kisha anajaribu jiwe la nusu yake, na kuendelea hadi jiwe dogo kabisa. Kwa biti kumi anahitaji majaribio kumi, wakati mwenye kuhesabu moja moja anaweza kufika 1,023.

Simu za umma za namna hiyo zilianza Marekani mwaka 1962, zikiwa na mazungumzo 24 katika jozi mbili za waya na sampuli 8,000 kwa sekunde kwa kila moja. Uingereza ilifungua London mwaka 1968 kituo cha majaribio cha kuunganisha simu kwa dijitali. Hataza ya Reeves ilikuwa imeshapitwa na muda miaka michache kabla. Yeye na mwajiri wake hawakupata faida ya maana kutokana na uvumbuzi ambao baadaye ulibeba mazungumzo ya dunia nzima.

Heshima alizipata akiwa mzee: medali ya Stuart Ballantine mwaka 1965, na nishani ya CBE mwaka 1969. Mwaka huohuo Posta ya Uingereza ilitoa stempu ya shilingi moja yenye mada ya uvumbuzi wake. Kwa mhandisi asiyejulikana mitaani, hiyo si heshima ndogo.

Mwanga na siku za mwisho

Baada ya vita Reeves alifanya kazi katika maabara za Standard Telecommunication Laboratories, ambazo mwaka 1959 zilihamia Harlow. Aliamini kwamba mapigo ya dijitali, kwa kuwa yanahitaji nafasi kubwa ya masafa, mwishowe yatasafiri kwa mwanga, akawahimiza vijana wa maabara waende upande huo. Katika maabara hiyohiyo Charles Kao na George Hockham walitoa mwaka 1966 makala iliyoonyesha kwamba nyuzi za kioo safi zinaweza kubeba mazungumzo kwa masafa marefu. Kao alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2009. Mwaka huo pia, mwezi Julai, mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi Dar es Salaam.

Reeves hakuoa. Alitumia muda wake mwingi wa ziada kuwasaidia vijana na watu waliotoka gerezani, na alivutiwa mno na mambo ya roho na mawasiliano ya fikra, jambo lililowashangaza wenzake wa maabara. Kwa jumla aliacha hataza 80 hivi. Alistaafu mwaka 1971, akaanzisha kampuni yake ya utafiti, lakini alifariki kwa saratani tarehe 13 Oktoba mwaka huo.

Kazi yake katika mikrokontrola

Maamuzi aliyofanya Reeves katika hataza yake ndiyo anayofanya leo mtu anayetayarisha kigeuzi cha mikrokontrola: achukue sampuli ngapi kwa sekunde, atumie biti ngapi, saa iende kwa mwendo gani, na volti ya sampuli ilinganishwe na volti ipi. Mfano mzuri ni chipu ya ATmega328P iliyo kwenye bodi ya Arduino Uno, inayotumiwa sana na wanaojifunza. Kigeuzi chake kina biti 10, yaani ngazi 1,024, na kinafuata njia ya mawe ya mizani.

Tuseme mwanafunzi wa Kibaha au wa Minaki, Kisarawe, anataka kupima joto la hewa kwa kihisio cha LM35, kinachotoa milivolti 10 kwa kila nyuzijoto moja ya Selsiasi. Siku yenye nyuzijoto 30 kihisio kinatoa milivolti 300. Kigeuzi kikilinganisha na volti 5 za bodi, kila ngazi ni milivolti 4.9 hivi, na namba inayosomeka ni 61. Ngazi moja ni karibu nusu nyuzijoto. Asubuhi ya Pugu na adhuhuri ya Mlandizi zitatofautishwa kwa ngazi chache tu, na sehemu kubwa ya ngazi 1,024 haitaguswa kamwe. Akichagua volti rejea ya ndani ya chipu, ambayo ni 1.1, kila ngazi inakuwa milivolti 1.07, na namba inakuwa 279. Kipimo kimekuwa kikali zaidi ya mara nne bila kununua kitu. Mpaka wake ni kwamba volti zinazozidi 1.1 zote zitasomeka 1,023, lakini hakuna hewa ya mkoa wa Pwani itakayofika nyuzijoto 110.

Kwa anayeandika programu bila maktaba za Arduino, kazi inafanyika katika rejista mbili. ADMUX huchagua volti rejea na mguu wa chipu unaopimwa. ADCSRA huwasha kigeuzi, hugawanya saa ya chipu na huanzisha kipimo. Saa ya Uno ina mapigo milioni 16 kwa sekunde, ambayo ni mengi mno. Kigeuzi hutoa biti zake zote 10 kwa uhakika kikiendeshwa kwa mapigo kati ya 50,000 na 200,000. Kwa hiyo saa hugawanywa kwa 128 ili kupata 125,000. Kila kipimo cha kawaida huchukua mapigo 13, hivyo vipimo visivyozidi 9,600 hivi kwa sekunde hupatikana. Ni zaidi ya sampuli 6,000 za Reeves, na zenye ngazi mara 32 ya zake. Kipimo kikianzishwa kwa biti ya ADSC, programu husubiri biti hiyo irudi sifuri, ndipo isome jibu, rejista ya ADCL kwanza na ADCH baadaye.

Makosa ya kawaida nayo ni yale ya zamani. Volti rejea ya ndani haiko 1.1 kamili, chipu moja inaweza kuwa na 1.0 na nyingine 1.2, kwa hiyo namba lazima zisahihishwe kwa kipimajoto kinachoaminika. Baada ya kubadili volti rejea, vipimo vichache vya mwanzo hutupwa. Kihisio chenye ukinzani mkubwa, zaidi ya omu 10,000, huchelewa kujaza kapasita ndogo inayoshika sampuli, na namba hutoka pungufu. Na kelele bado ipo: waya mrefu ukipita karibu na nyaya za umeme wa TANESCO, wenye mizunguko 50 kwa sekunde, namba zitayumba juu na chini. Dawa rahisi ni kuchukua wastani wa vipimo vyote vya milisekunde 20, muda wa mzunguko mmoja kamili, ili kupanda na kushuka kufutane. Kelele hiyo inaingia kabla ya kugeuzwa kuwa namba, mahali ambapo mapigo ya Reeves hayawezi kuizuia.